Si Kila Kiwavi ni Kiwavijeshi: Somo la Nondo Watatu wa Mashamba ya Ufipa

Ndugu wanachuo, somo hili limetoka kwenye kosa langu mwenyewe. Kwa hiyo nitaanza na kosa, halafu ndiyo tuingie darasani.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikuwa hapa chuoni, nasubiri bumu kama nyie wote, mama akanipigia simu kutoka nyumbani, kijiji kisicho mbali na Sumbawanga mjini. Siku hiyo salamu zilikuwa fupi. "Baba, mahindi yanaliwa. Yamefika magotini na yote yametobolewa. Wewe si unasoma mambo ya wadudu? Tufanyeje?"

Mimi nasoma ualimu wa Biolojia na Kemia, mwaka wa tatu, umri miaka 22. Nikauliza swali moja tu: "Wana mistari ubavuni?" Akasema ndiyo. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Hao ni viwavijeshi, mama. Watakula wiki mbili tatu, wataingia ardhini, wakitoka humo ni nondo na wataruka kwenda mbali. Usitupe hela kwenye dawa. Subiri, watapita."

Maelezo yale hayakuwa ya uongo. Shida ni kwamba yalikuwa ya mdudu mwingine.

Mama alisubiri kwa sababu mwanae msomi amesema. Mwaka jana ekari zetu mbili zilitoa gunia 22. Mwaka huu zimetoa 9. Mdogo wangu yuko chuo cha kati na ada yake hutoka kwenye mahindi hayohayo. Sasa mnaelewa kwa nini nilipopangiwa mazoezi ya kufundisha mkoani kwetu mwezi wa saba, nilikwenda na swali moja kichwani: mdudu yule alikuwa nani hasa?

Darasa la mabua makavu

Shule niliyopangiwa imezungukwa na mashamba. Mwezi wa saba Ufipa ni baridi, mahindi yameshavunwa, yamebaki mabua. Nilipewa kidato cha nne, mada ya ukuaji wa viumbe. Nikauliza hatua za metamofosisi kamili. Darasa zima likaimba: yai, lava, pupa, mdudu kamili. Hakuna aliyekosea. Nikauliza tena: "Nani ameshawahi kumwona lava?" Kimya.

Watoto wale wamezaliwa kwenye mahindi. Kila msimu wanawaona viwavi. Ila hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba "lava" wa kwenye daftari na "funza" wa shambani kwao ni kitu kilekile. Basi nikawatoa nje. Nikawaambia kila kundi lilete mabua makavu 10 na tuyapasue kwa kisu.

Bua la nne la kundi la kwanza likatoa kiwavi mnene, rangi ya maziwa yenye wekundu kwa mbali, kichwa cha kahawia. Yuko hai, ila hali na hatembei, amelala tu kwenye shimo lake. Darasa likapiga kelele: "Viwavijeshi!"

Hapana. Huyo alikuwa bungua. Nikaona kosa langu la mwezi wa kwanza linarudiwa na watu 40 kwa pamoja.

Ukoo mmoja, tabia tofauti

Kwenye shamba la mahindi la Ufipa kuna nondo watatu ambao mtu yeyote anaweza kuwachanganya. Wa kwanza ni kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta. Wa pili ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Wa tatu ni bungua wa mahindi, Busseola fusca. Wote ni wa familia moja, Noctuidae, yaani nondo wanaoruka usiku, wengi wao wa rangi ya kahawia isiyovutia macho.

Wawili wa kwanza wako karibu zaidi kwa sababu ni jenasi moja. Mkitaka mfano rahisi, simba na chui nao ni jenasi moja, Panthera. Simba anawinda kwa kundi mbugani, chui anawinda peke yake na kupandisha nyama mtini. Hakuna mfugaji mwenye akili atakayejenga zizi la kuzuia chui kwa kutumia tabia za simba. Mimi nilifanya hivyo kwa mahindi.

Kiwavijeshi wa Afrika: yule wa bibi

Bibi yangu anamfahamu huyu vizuri. Nilipomwamkia jioni moja na kumwuliza kuhusu viwavijeshi, alisema: "Wale wa zamani, mjukuu wangu, walikuwa wanakuja kama maji. Asubuhi shamba la ulezi ni kijani, keshokutwa ni vijiti. Halafu siku moja unaamka hawapo."

Biolojia inamuunga mkono bibi. Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu na kuyafunika kwa vinyweleo vyeusi vya tumbo lake. Yanaanguliwa ndani ya siku 2 hadi 5. Kiwavi hujivua ngozi na kupita hatua sita kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, kisha huingia ardhini sentimita chache na kuwa pupa. Baada ya siku 7 hadi 12 nondo anatoka.

Cha ajabu ni kwamba kiwavi huyu ana sura mbili. Wakiwa wachache wanakuwa na rangi ya kijani au kahawia na wanajificha chini ya majani. Wakisongamana wanageuka weusi wa mkaa wenye mistari, wanakula mchana kweupe na kuhama kwa kundi. Si spishi mbili, ni mdudu yuleyule aliyebadilishwa na msongamano. Watafiti wamegundua pia kwamba wale weusi wana kinga zaidi dhidi ya virusi na ukungu unaoua viwavi, jambo lenye mantiki, maana penye msongamano magonjwa huenea haraka.

Wakishakuwa nondo hupanda juu, wakabebwa na upepo mamia ya kilomita kufuata mvua. Milipuko ya mwanzo wa msimu hutokea Tanzania na Kenya, halafu vizazi vinavyofuata vinaelekea kaskazini hadi Ethiopia. Ndiyo maana Tengeru, Arusha, kuna kituo cha kufuatilia viwavijeshi, na wilaya kama Kilosa zimewahi kufundisha wanavijiji wenyewe kuhesabu nondo kwenye mitego ya harufu ya jike ili watabiri mlipuko.

Chakula chake ni jamii ya nyasi: mahindi, ulezi, mtama, mpunga, ngano, na malisho ya ng'ombe. Maharage na alizeti hagusi.

Kwa huyu, kumwambia mama "watapita" kunaweza kuwa na ukweli. Shamba linaweza kuwa limeisha, lakini wenyewe watapita.

Kiwavijeshi vamizi: mgeni asiyeondoka

Huyu wa pili asili yake ni Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwanzoni mwa 2016, na mwaka 2017 akathibitishwa Tanzania, mkoa wetu wa Rukwa ukiwa miongoni mwa iliyompata mapema. Alisambaa haraka kwa sababu nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja.

Jike hutaga mafungu ya mayai 100 hadi 200 na kuyafunika kwa vumbi la kijivu kama ukungu wa mkate. Kwa maisha yake yote anaweza kutaga zaidi ya 1,000. Kiwavi naye ana hatua sita. Hatua za mwanzo anakwangua jani na kuacha madirisha meupe. Kuanzia hatua ya tatu anaingia kwenye moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochomoza, na kujifungia humo huku akisukuma nje kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Majani yanapofunguka yana matundu makubwa yaliyochanika.

Humo ndani hapendi mwenzake. Wakikutana wakubwa wawili, mmoja humla mwingine. Ndiyo sababu kwenye mmea mmoja mara nyingi utakuta mkubwa mmoja au wawili tu, hata kama mayai yalikuwa 150. Mwenzake wa Afrika, kwenye mita moja ya mraba, anaweza kuwa kwa mamia.

Tofauti iliyoniangusha ni hii. Nondo wa vamizi wanaweza kusafiri, lakini chakula kikiwepo hawalazimiki kuhama wote kama wale wa bibi. Wanaopenda wanabaki, wanataga shamba lilelile au la jirani, na kizazi cha pili kinakuta mahindi yanatoa mbelewele na kuingia kwenye magunzi. Hicho ndicho kilichotokea kwetu. Mama alisubiri wapite, kumbe walikuwa wanaongezeka.

Na chakula hawakosi. Vamizi amerekodiwa kwenye aina zaidi ya 350 za mimea, ingawa kwetu mahindi ndiyo anayoyapenda kuliko yote.

Kumtambua: watu wengi wamefundishwa kutafuta alama ya Y iliyogeuzwa kwenye uso wa kiwavi. Ni alama nzuri, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu hata kiwavijeshi wa Afrika ana michirizi ya namna hiyo usoni. Angalia mkiani. Pingili ya pili kutoka mwisho ina madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Ukiona Y pamoja na mraba, huyo ni vamizi. Mimi ningemwuliza mama swali moja zaidi kwenye simu, "mkiani kuna madoa manne?", na pengine tungekuwa na gunia nyingine shambani.

Bungua: anayelala

Turudi kwa yule wa kwenye bua kavu. Bungua wa mahindi ni mwenyeji wa Afrika na anapenda nyanda za juu. Kwenye maeneo ya chini yenye joto nafasi yake mara nyingi huchukuliwa na bungua mwingine, Chilo partellus, aliyeingia Afrika kutoka Asia karne iliyopita. Huyo hata familia ni nyingine.

Jike wa bungua hataji hadharani. Anayapanga mayai kwa safu katikati ya ala ya jani na shina, hivyo ukipita shambani huyaoni. Viwavi wakianguliwa wanapanda kula majani ya moyoni na kuacha matundu madogo yaliyojipanga mstari, kisha wanatoboa na kuingia kwenye shina lenyewe. Mmea mchanga unakauka moyo, ukiuvuta unatoka wote mkononi. Kiwavi anakaa shinani wiki tano hadi saba, muda mrefu kuliko wale ndugu wawili, na anakuwa pupa humohumo baada ya kuacha tundu la nondo kutokea.

Jambo analowazidi wenzake wote ni usingizi. Kizazi cha mwisho wa msimu hakigeuki pupa. Kiwavi aliyekomaa anasimamisha ukuaji na kubaki ndani ya bua kavu kwa miezi hata sita, mpaka mvua zirudi. Kwa Ufipa yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, huo ni ufundi wa kuishi. Viwavijeshi wote wawili hawana uwezo huo. Wao bila majani mabichi hawana maisha.

Nililithibitisha hilo na wanafunzi wangu wiki iliyofuata. Tuliteremka kwenye bustani za bondeni karibu na kijito, ambako wakulima humwagilia mahindi ya kuchoma wakati wa kiangazi. Kwenye mabua makavu ya juu tulikuta bungua tu. Kwenye mahindi mabichi ya bondeni tulipata viwavi wanne wenye Y na mraba wa madoa. Wanafunzi wakaelewa wenyewe: mmoja anavuka kiangazi kwa kulala, mwingine kwa kutafuta penye maji.

Hesabu ya joto

Hapa wale wanaosema hesabu haina kazi kijijini wakae vizuri.

Mdudu hana joto lake la mwili kama sisi. Anakua kwa joto la nje. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2020 matokeo ya kumfuga vamizi kwenye viwango mbalimbali vya joto. Kwenye nyuzi 18 alichukua siku kama 71 kutoka yai hadi nondo. Kwenye nyuzi 32 alichukua siku 20 tu. Walikokotoa kwamba chini ya nyuzi 12.6 hivi ukuaji unasimama, na kwamba anahitaji kukusanya jumla ya nyuzi-siku 392.

Ifikirie kama ada. Deni ni 392. Kila siku mdudu analipa kiasi ambacho joto la siku hiyo limezidi 12.6. Akimaliza deni, anahitimu kuwa nondo.

Tuchukue mfano wa siku za wastani wa nyuzi 19 huku juu uwandani. Malipo ya siku ni 19 toa 12.6, sawa na 6.4. Gawanya 392 kwa 6.4, unapata siku 61. Sasa shuka ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Muze na Mtowisa, na uchukue wastani wa nyuzi 26. Malipo ya siku ni 13.4. Gawanya, unapata siku 29. Mdudu yuleyule, mkoa uleule, kizazi kimoja juu kwa viwili bondeni.

Hesabu hii inasaidia mambo mawili. Kwanza, ratiba ya kukagua shamba ya mtu wa bondeni haiwezi kuwa ya mtu wa Sumbawanga mjini. Pili, mkulima wa uwandani ana muda zaidi. Mayai yaliyotagwa katikati ya Desemba yatatoa nondo wapya katikati ya Februari. Mama aliponipigia simu Januari tulikuwa na wiki kadhaa za kuzuia kizazi cha pili. Niliziteketeza kwa neno "subiri".

Kwa hiyo shambani?

Biolojia ya kila mmoja ndiyo inayosema umdhibiti wapi.

Kiwavijeshi wa Afrika anahitaji taarifa za mapema na ushirikiano wa kijiji kizima, kwa sababu viwavi wa hatua za mwisho ndio wanaokula sehemu kubwa kabisa ya chakula chote. Ukisubiri mpaka wawe weusi na wanene, umechelewa.

Vamizi anahitaji macho ya kila wiki tangu mahindi yanapochipua. Tembea shambani kwa mfano wa herufi W, kagua mimea 20 kila unaposimama. Ukiona mafungu ya mayai, yaponde kwa vidole, bure kabisa. Wakulima wengi pia huweka majivu au udongo mkavu kwenye moyo wa mmea. Ushauri wa kawaida ni kufikiria dawa pale mimea michanga kama 20 kati ya 100 inapokuwa imeshambuliwa, na ipigwe viwavi wakiwa wadogo, asubuhi au jioni, ielekezwe moyoni. Ukipiga saa saba mchana kwa kiwavi wa hatua ya tano aliyejiziba na kinyesi chake, umenywesha majani. Muulize afisa ugani dawa iliyosajiliwa, na usisahau barakoa.

Bungua anadhibitiwa kiangazi, amelala. Mabua yalishwe ng'ombe, yafukiwe kwa kina, au yalazwe juani, yasirundikwe kivulini mpaka Novemba. Bibi alinikumbusha ntumba, yale matuta ya duara ya Wafipa ambayo huzika nyasi chini ya udongo ili zioze. Wao walikuwa wanatafuta rutuba, hawakuwa na habari za bungua. Ila kiwavi aliyezikwa kwa kina hutoa nondo asiyeweza kutoka, kwa hiyo kazi moja inaweza kulipa mara mbili.

Kuna njia nyingine inaitwa sukuma-vuta, iliyokuzwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko magharibi mwa Kenya kwa ajili ya bungua. Desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi huwafukuza nondo, nyasi pembezoni huwavuta. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo kwamba mashamba ya mfumo huo yalikuwa na viwavi vamizi wachache kwa zaidi ya asilimia 80.

Na panda mapema, pamoja na majirani. Jirani yetu mmoja shamba lake lilipona, watu wakaanza kunong'ona kwamba letu limerushiwa kitu. Mji wetu unaitwa Sumbawanga, tupa uchawi, lakini maneno hayo hayajatupwa yote. Nikauliza tarehe za kupanda. Yeye alipanda wiki tatu kabla yetu. Nondo jike alikuta mahindi yake yameshakomaa kidogo na ya kwetu bado laini, akachagua ya kwetu.

La mwisho kwa walimu watarajiwa

Kabla sijarudi chuo nilikaa na mama jikoni, nikamwambia ukweli kwamba nilikosea. Nilimchorea viwavi watatu kwenye karatasi ya daftari, kila mmoja na alama yake. Aliiangalia muda mrefu, akauliza: "Huyu wa madoa manne, mayai yake nitayaonaje?" Nikamwonyesha. Karatasi ameibandika ukutani kwa ugali, karibu na kalenda.

Wenzangu wa ualimu, mwanafunzi anayeimba "yai, lava, pupa" bila kumjua lava wa shamba la baba yake atafaulu mtihani, kama mimi nilivyofaulu. Mtihani wangu nilipata A. Ukienda TP, beba kisu, pasua bua. Na ukipigiwa simu ya nyumbani, uliza maswali mawili kabla ya kujibu.

Mvua zinaanza Novemba. Nimemwambia mama anipigie tarehe ya kupanda, nianze kuhesabu siku.